Pakiti Imefia Wapi? Kusaka Upotevu wa Data kwenye Seva ya Linux

Malalamiko kuhusu mtandao hayaji na majina ya kitaalamu. Mhasibu anasema mfumo unavuta. Mteja anasema ukurasa mara unafunguka papo hapo, mara unaganda kwanza. Watu wa huduma kwa wateja wanasema sauti kwenye simu inakatakata. Fundi anaingia kwenye seva na kukuta prosesa imetulia, kumbukumbu imebaki tele, diski haina shughuli. Kisha anaona safu iitwayo dropped ina namba ya tarakimu sita, na hapo ndipo balaa la pili linapoanza. Anaperuzi mtandaoni, ananakili mistari ishirini ya sysctl (mipangilio ya kiini cha Linux, yaani kernel) iliyoandikwa na mtu asiyemjua kwa mashine asiyoijua, anaibandika yote kwa mkupuo, halafu anangoja kuona kama kelele zitapungua. Zikipungua, hajui ni mstari upi uliosaidia. Zisipopungua, amerundika mabadiliko ishirini juu ya tatizo lililokuwa moja.

Makala hii inapendekeza utaratibu mwingine. Ndani ya mashine ya Linux kuna vituo vichache vinavyojulikana ambapo pakiti inaweza kutupwa, na karibu kila kituo kina kihesabio chake. Kazi ya kwanza ni kutafuta kihesabio kinachopanda wakati uleule mtumiaji analalamika. Ukikipata, umepata kituo, na dawa ya kituo kimoja haitibu kingine. Kabla ya hapo, usibadilishe chochote.

Anza na saa ya mlalamikaji

Muulize aliyelalamika: imechelewa kwa muda gani? Jibu lake ni kipimo. TCP haimwambii mtumiaji kwamba pakiti imepotea; huituma upya na kuendelea, na kinachobaki ni ucheleweshaji wenye urefu unaotambulika.

Pakiti ya kuomba muunganisho, yaani SYN, ikipotea, mtumaji hungoja sekunde 1 kabla ya kuirudia. Kwa kawaida ya miaka mingi, ikipotea tena hungoja sekunde 2, kisha 4, ndiyo maana mtumiaji huona ukurasa ukifunguka baada ya sekunde 1, au 3, au 7. Linux kuanzia toleo la 6.5 hurudia kila sekunde kwa mara chache za mwanzo, lakini dalili ni ileile: kuchelewa kwa sekunde kamili, kisha kila kitu kinakwenda kasi. Ukisikia hivyo, fikiria kwanza foleni ya kupokea miunganisho, fayawoli, au jedwali la miunganisho lililojaa.

Pakiti ikipotea mwishoni mwa mazungumzo, pale ambapo hakuna nyingine nyuma yake za kumzindua mtumaji mapema, Linux inaweza kusubiri milisekunde 200 au zaidi. Programu inayouliza hifadhidata mara hamsini ili kujenga ukurasa mmoja huulipia muda huo tena na tena. Na ukikuta kuchelewa kwa sekunde 5 barabara, achana na kadi ya mtandao kwa muda uangalie DNS: huo ndio muda ambao maktaba ya glibc husubiri jibu kabla ya kuuliza tena, isipoelekezwa vinginevyo.

Usidharau asilimia ndogo pia. Kwa kanuni ya Mathis na wenzake ya mwaka 1997, TCP ya kawaida inayobeba pakiti za baiti 1460 kwenye njia ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, ikipoteza pakiti 1 kati ya 100, muunganisho mmoja hubanwa kwenye takriban megabiti 1.4 kwa sekunde. Upana wa kiungo ulicholipia hauna neno hapo. Upotevu huohuo ndani ya ofisi, ambako safari ni milisekunde 1, ungeacha zaidi ya megabiti 140. Ndiyo maana mtumiaji wa Mwanza anayeitumia seva iliyoko Ulaya analia, wakati jirani wa seva hiyo hajui kama kuna tatizo.

Namba kubwa haimaanishi ugonjwa

Vihesabio vya Linux huanza kuhesabu mashine inapowashwa. Pakiti laki tatu zilizotupwa zinaweza kuwa za usiku mmoja wa mwaka jana, swichi ilipoharibika. Kinachokuhusu ni mwendo wa namba sasa hivi. Weka dirisha moja likisoma kadi kila sekunde:

watch -n 1 -d ip -s link show dev eth0

Jingine litumie amri ya nstat, ambayo kila ukiiita hukuonyesha kilichobadilika tangu ulipoiita mara ya mwisho. Linganisha TcpRetransSegs na TcpOutSegs: uwiano huo ndio unaosema ni sehemu gani ya vilivyotumwa ilibidi irudiwe. Andika saa na dakika kila unaposoma. Bila saa, huwezi kuoanisha namba na malalamiko.

Safu ya dropped kwenye upande wa kupokea ina mtego wake. Tangu Linux 2.6.37, safu hiyo huhesabu pia fremu ambazo hakuna mtu ndani ya mashine aliyezitaka: itifaki isiyojulikana, VLAN isiyosajiliwa, matangazo ya swichi kwa swichi wenzake. Ukiona namba inapanda kwa moja kila sekunde 30, yaelekea ni LLDP, swichi ikijitambulisha. Ikipanda kwa moja kila sekunde 2, yaelekea ni STP, swichi zikikubaliana njia. Hazimdhuru mtu.

Kuna jaribio jepesi la kuthibitisha. Washa tcpdump kwenye kadi hiyo na uangalie kihesabio. Kikisimama wakati tcpdump inasikiliza na kuanza tena kupanda ukiizima, basi zilizokuwa zikitupwa ni fremu zisizo na mpokeaji, kwa kuwa sasa tcpdump imekuwa mpokeaji wao. Funga faili hilo, nenda kwenye tatizo la kweli.

Gawa safari katikati

Tcpdump ina faida nyingine kubwa zaidi. Kwa pakiti zinazoingia, husikiliza baada ya kadi na draiva lakini kabla ya fayawoli ya mashine. Kwa hiyo inakata safari katika nusu mbili. Mwombe mtumiaji ajaribu, huku wewe ukichuja anwani yake na poti husika. Pakiti ikionekana kwenye tcpdump lakini programu haijaipata, imefia ndani, kwenye fayawoli, uelekezaji au soketi. Isipoonekana, imefia kabla: kwenye kadi, kebo, swichi au njiani. Jaribio hilo moja huondoa nusu ya washukiwa kabla hujakisia lolote.

Tahadhari: mwishoni tcpdump huandika idadi ya pakiti zilizotupwa na kiini. Hizo ni zile ambazo tcpdump yenyewe ilishindwa kuzipokea kwa kuwa bafa yake ilijaa. Hazisemi chochote kuhusu pakiti za watumiaji. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, weka kichujio chembamba na tumia -s 96 ili uchukue vichwa vya pakiti tu.

Kebo, kadi na mafuriko ya sekunde ndogo

Ikiwa pakiti hazifiki hata kwenye tcpdump, ita takwimu za draiva:

ethtool -S eth0

Majina hutofautiana kutoka draiva moja hadi nyingine, ila tafuta yenye maneno crc, missed, fifo, discard na no_buffer. Makosa ya crc yanayopanda yanaelekeza kwenye vitu vya kushikika: kebo iliyobanwa na mlango wa kabati, kichwa kilicholegea, moduli ya nyuzi za kioo yenye vumbi, poti mbovu ya swichi. Badilisha kebo kwanza, kisha moduli, kisha poti, kimoja kimoja. Hakuna sysctl inayotibu kebo.

Angalia pia kasi na namna ya kutuma na kupokea (duplex) kwa amri ya ethtool eth0. Upande mmoja ukiwekewa kasi kwa mkono huku mwingine umeachwa ujipangie, unaweza kuishia na upande mmoja unaotuma na kupokea kwa pamoja na mwingine unaofanya kwa zamu. Kiungo kitaonekana kizima, ping itapita, lakini kikibebeshwa mzigo kitaanza kutapika makosa. Ziache pande zote mbili zijipangie.

Zikipanda missed au no_buffer, hadithi ni nyingine. Kadi huweka pakiti kwenye bafa ya mzunguko ndani ya kumbukumbu, na kiini huja kuzichota. Kadi nyingi huanza na nafasi 256 au 512. Kwenye kiungo cha gigabiti 10, pakiti za ukubwa wa kawaida wa baiti 1500 zinaweza kufika kwa kasi ya karibu 812,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, nafasi 512 hujaa ndani ya milisekunde 0.63. Pakiti ndogo kabisa zinaweza kufikia milioni 14.88 kwa sekunde, na hapo nafasi hizo hujaa ndani ya maikrosekunde 34 hivi. Prosesa ikichelewa kidogo tu, zinazofuata hazina pa kukaa.

Hapa ndipo grafu za ufuatiliaji zinapodanganya. Grafu inayochukua wastani wa dakika 5 itakuonyesha kiungo kikitumika kwa asilimia 20, nawe utaapa kwamba haiwezekani pakiti kupotea. Wastani huo umefukia mafuriko mafupi: seva kumi za nyuma zikimjibu aliyeuliza kwa wakati mmoja, au nakala ya hifadhidata ikianza saa kamili. Usipopima kwa sekunde, hutayaona.

Angalia ukubwa wa bafa kwa ethtool -g eth0, na uukuze kwa ethtool -G eth0 rx 4096 ikiwa kadi inaruhusu. Fanya hivyo saa ambayo watumiaji ni wachache, kwa kuwa baadhi ya kadi hukata kiungo kwa muda mfupi. Ila elewa ulichofanya: umeweka ndoo kubwa zaidi chini ya bomba. Ndoo kubwa husaidia maji yakija kwa vipindi. Yakimwagika mfululizo kwa kasi kuliko unavyoteka, itafurika tu, labda kitambo kidogo baadaye. Ikiwa missed inaendelea kupanda hata baada ya kukuza bafa, mchotaji ndiye anayezidiwa.

Prosesa moja inayobeba mzigo wa wote

Seva yenye prosesa 16 inaweza kuonyesha matumizi ya asilimia 6 na bado ikawa imeelemewa, kwa sababu kazi yote ya mtandao imemwangukia mmoja. Tumia mpstat -P ALL 1 na usome safu ya %soft, prosesa moja moja. Ukiona moja iko karibu na 100 na wenzake wamekaa, na mchakato wa ksoftirqd unaonekana juu kwenye top, umepata.

Fungua /proc/interrupts uone foleni za kadi zinamgongea nani mlango. Ethtool -l itakuambia kadi ina foleni ngapi na ngapi zimewashwa. Ethtool -L huziongeza. Huduma ya irqbalance hugawa miito kati ya prosesa, na kwenye mashine nyingi hiyo inatosha. Ikiwa kadi ina foleni moja tu, RPS, kipengele cha kiini chenyewe, inaweza kugawa kazi hiyo kati ya prosesa kwa njia ya programu.

Kihesabio cha kituo hiki ni faili la /proc/net/softnet_stat. Lina mstari mmoja kwa kila prosesa, na namba zake zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Safu ya kwanza ni pakiti zilizoshughulikiwa. Ya pili ni zilizotupwa kwa sababu foleni ya kiini ilijaa. Ya tatu ni mara ambazo mchotaji aliishiwa muda au mgawo wake, akaacha pakiti zikiwa bado zipo. Safu ya tatu ikipanda kwa kasi, kuongeza net.core.netdev_budget kutoka 300 kuna maana. Safu ya pili ikipanda, ongeza net.core.netdev_max_backlog, ambayo huanza na 1000.

Sikiliza hapa, kwa maana hii ni moja ya namba zinazonakiliwa ovyo kuliko zote. Foleni hiyo ya backlog hutumika pale RPS inapowashwa, au kwa kadi za kufikirika kama za makontena. Kwa kadi ya kawaida bila RPS, pakiti haipiti humo kabisa. Unaweza kuiweka milioni moja na hakuna kitakachobadilika. Safu ya pili ikiwa sufuri, iache.

Jedwali lililojaa na ukaguzi wa njia ya kurudi

Pakiti ikishaonekana kwenye tcpdump, washukiwa wa kwanza wa ndani ni kanuni za fayawoli. Iptables na nftables zina vihesabio kwa kanuni: iptables -nvL huvionyesha, na kwa nftables ni lazima neno counter liwe limeandikwa kwenye kanuni. Itazame kanuni ya kutupa huku mtumiaji akijaribu.

Mshukiwa wa pili ni jedwali la kufuatilia miunganisho. Likijaa, kiini hulalamika waziwazi kwenye dmesg: nf_conntrack: table full, dropping packet. Linganisha net.netfilter.nf_conntrack_count na nf_conntrack_max. Kabla ya kukuza kikomo, tazama vilivyomo. Kwa mipangilio ya asili, muunganisho wa TCP uliokwisha kuanzishwa huhifadhiwa kwa sekunde 432,000 hata ukikaa kimya, yaani siku 5 nzima. Simu iliyozimika katikati ya muunganisho Jumatatu inaweza kuwa bado inakalia nafasi Ijumaa. Kupunguza muda huo hadi saa chache mara nyingi husaidia zaidi kuliko kuongeza nafasi. Na seva ya DNS inayojibu maswali mafupi maelfu kwa sekunde haihitaji kufuatilia kila swali. Poti 53 inaweza kuondolewa kwenye ufuatiliaji kwa kanuni ya notrack.

Mshukiwa wa tatu huwapata wenye seva za kadi mbili. Pakiti inaingia kwa kadi ya kwanza, lakini jedwali la njia linasema jibu lingetoka kwa kadi ya pili. Rp_filter, yaani ukaguzi wa njia ya kurudi, ikiwa 1, kiini hudhani anwani imeghushiwa na huitupa kimyakimya. Kihesabio chake ni TcpExtIPReversePathFilter kwenye nstat. Tiba nzuri ni kupanga njia ili majibu yatokee kwenye kadi ambazo pakiti ziliingilia. Kuweka rp_filter 2 ni ukaguzi uliolegezwa, unaokubali anwani yoyote inayofikika kwa kadi yoyote.

Mlangoni kwa programu

Wakati mwingine kadi ni nzima, kiini ni kizima, fayawoli imeruhusu, na pakiti inafia hatua ya mwisho kwa kuwa programu haijaja kuichukua.

Kwa TCP, andika ss -lnt. Kwa soketi zinazosikiliza, Recv-Q ni miunganisho inayongoja kupokelewa na Send-Q ni kikomo cha foleni. Recv-Q ikikigusa kikomo, na TcpExtListenOverflows ikipanda kwenye nstat, wateja wapya wanatupwa mlangoni, na wao ndio wanaoona zile sekunde 1 na 3. Kiini huchukua namba iliyo ndogo kati ya iliyoombwa na programu na net.core.somaxconn. Kikomo hicho kilikuwa 128 hadi Linux 5.4 ilipokifanya 4096, lakini nginx huomba 511 isipoambiwa vingine, kwa hiyo kukuza somaxconn peke yake hakumsaidii. Badilisha vyote viwili, anzisha programu upya, hakiki kwa ss. Kisha jiulize kwa nini programu haipokei upesi. Pengine wafanyakazi wake wote wamekwama wakisubiri hifadhidata. Hapo foleni ndefu itawapa wateja nafasi ya kungoja zaidi, basi.

Kwa UDP hali ni kali zaidi, kwa kuwa UDP yenyewe haitumi upya kilichopotea. Sauti za simu na logi za mbali hupotea moja kwa moja, na swali la DNS hungoja hadi aliyeuliza alirudie. Kihesabio ni UdpRcvbufErrors, na amri ya ss -uanm huonyesha kwa kila soketi, kwenye herufi d, ni ngapi zimetupwa. Bafa ya asili ni baiti 212,992, na kiini huhesabu humo gharama ya kuihifadhi pakiti pamoja na ujumbe wenyewe, ndiyo maana jumbe fupi huijaza upesi kuliko unavyotarajia. Kukuza net.core.rmem_max hufungua mlango tu. Ni programu inayopaswa kuomba bafa kubwa kupitia mipangilio yake.

Zinazotoka, na zile kubwa zinazokwama

Upande wa kutoka, tc -s qdisc show dev eth0 hutosha mara nyingi. Usishtuke ukiona fq_codel imetupa pakiti kadhaa. Foleni hiyo hutupa kwa makusudi pale pakiti zinapokaa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda, ili TCP ipunguze mwendo kabla foleni haijawa ndefu. Ni upotevu wenye kazi. Ukitaka kuuondoa kwa kuweka foleni isiyotupa, utapata ucheleweshaji badala yake.

Dalili moja ina sura ya pekee: ping inapita, SSH inaingia, lakini ukiorodhesha saraka ndefu skrini inaganda; ukurasa mdogo unafunguka, picha haiji. Pakiti kubwa ndizo zinazokwama. Hutokea sana kwenye VPN na mahandaki mengine, kwa sababu vichwa vya ziada hupunguza nafasi. WireGuard kwa kawaida hubakiza 1420 kati ya 1500. Jaribu:

ping -M do -s 1472 anwani

Hizo 1472 na vichwa vya baiti 28 hufanya 1500. Punguza hadi ipite, na utakuwa umepata ukubwa wa kweli wa njia. Chanzo mara nyingi ni fayawoli fulani inayozuia ICMP yote kwa kisingizio cha usalama, na hivyo kuzuia ujumbe unaomwambia mtumaji apunguze ukubwa. Ruhusu ujumbe huo, au bana ukubwa wa sehemu za TCP kwenye ruta ya handaki.

Tatizo likiwa nje ya mashine

Vihesabio vyote vikiwa vimetulia huku malalamiko yakiendelea, toka nje. Tumia mtr, na itume kwa TCP kwenye poti ya huduma yenyewe, kwa mfano mtr -T -P 443, kwani baadhi ya mitandao huipa ICMP nafasi ya mwisho. Soma matokeo kwa uangalifu: ruta ya katikati ikionyesha upotevu wa asilimia 60 huku zinazoifuata hadi mwisho zina sufuri, ruta hiyo imejiwekea tu kikomo cha kujibu maswali. Upotevu wa kweli huanzia mahali na kuendelea hadi mwisho wa safari. Pima kutoka pande zote mbili pia, maana njia ya kwenda na ya kurudi si lazima ziwe moja.

Kwa mashine za kukodi, angalia st kwenye top, muda ambao mwenyeji amempa mpangaji mwingine. Kwenye AWS, draiva ya ENA huonyesha kupitia ethtool -S vihesabio kama pps_allowance_exceeded na conntrack_allowance_exceeded. Vikipanda, umevuka mgawo wa aina ya mashine uliyokodi. Utalazimika kukodi kubwa zaidi au kugawa mzigo.

Na mengine hayako mikononi mwa fundi hata kidogo. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, mitandao ya Tanzania, Kenya na majirani iliyumba kwa siku kadhaa. Fundi aliyekuwa akibadilisha sysctl siku hizo alikuwa akipoteza usingizi bure. Alichoweza kufanya ni kile kinachofanywa mapema: kuweka nakala ya huduma ndani ya nchi, kupitishia data za nyumbani kwenye vituo vya kubadilishana data vya nyumbani, na kuwa na mtoa huduma wa pili ambaye hapiti kwenye nyaya zilezile.

Ukimwandikia mtoa huduma, usiseme mtandao ni mbovu. Mpe saa, anwani za pande zote, matokeo ya mtr ya kwenda na kurudi, na ithibati kwamba kadi yako haina makosa. Barua ya namna hiyo ni vigumu kuirudisha na jibu la "tafadhali washa upya kifaa chako".

Ukiwa huna kihesabio, kiulize kiini

Hutokea nadra, pakiti ikaingia, ikaonekana, ikapotea bila kihesabio chochote kusogea. Kiini kina alama ya kufuatilia iitwayo skb:kfree_skb, inayoamka kila pakiti inapotupwa. Dropwatch huisoma na kukuonyesha jina la kazi (function) ndani ya kiini iliyoitupa; perf nayo hufanya hivyo:

perf record -a -g -e skb:kfree_skb sleep 10

Tangu Linux 5.17, tukio hilo hubeba pia sababu, na matoleo yaliyofuata yameendelea kurefusha orodha ya sababu hizo. Ikiwa unasimamia seva zenye kiini cha zamani na unapigana na upotevu usioeleweka mara kwa mara, hiyo pekee ni hoja nzuri ya kupandisha toleo.

Badilisha kimoja, acha maelezo

Ukishajua kituo, tiba huwa fupi: kebo moja, mstari mmoja, programu moja kuanzishwa upya. Badilisha kitu kimoja, soma kihesabio kilekile kwa muda uleule, kisha amua. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa kabla ya kujaribu kingine.

Kumbuka pia kwamba mabadiliko ya ethtool hufutika mashine ikiwashwa upya, na ya sysctl hufutika usipoyaandika ndani ya /etc/sysctl.d. Yaandike, na juu ya kila namba weka maelezo mafupi: tarehe, kihesabio kilichokuwa kinapanda, na kilivyobadilika baada ya hapo. Namba isiyo na maelezo hayo, hata kama umeirithi kwa mtu unayemheshimu, ni mgombea wa kuondolewa. Kisha ingiza vihesabio vilevile kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji, vikisomwa kila sekunde kumi au chini ya hapo, ili siku mhasibu atakaposema tena mfumo unavuta, uwe na jibu lenye saa na dakika kabla hajamaliza kueleza.